Kupeana ruhusa ni rahisi, kuirudisha ndio noma

Nilipokuwa kwa atachimenti kwa ofisi fulani hapa Nairobi, watu saba tulitumia databesi moja na akaunti moja, root. Paswadi ilikuwa imebandikwa kwa monita. Siku moja jedwali la wateja likapotea. Rekodi za seva zilisema aliyefuta ni root. Root gani sasa? Mgeni ni mimi, so macho yote kwangu.

Hii shida ni ya zamani kuliko wazazi wetu. 1961 huko MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, kompyuta moja iliyohudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Kila mtu alipewa paswadi yake ndio faili zake zisiguswe. 1962 mwanafunzi Allan Scherr akaona masaa aliyogawiwa hayamtoshi. Aliambia mashine imchapishie faili ya paswadi zote, na ikachapisha tu!

Kwa databesi, kazi kubwa ilifanyika IBM huko San Jose. 1976 Patricia Griffiths na Bradford Wade walieleza jinsi mwenye jedwali anaweza kumpa mwingine ruhusa ya kusoma, kuongeza ama kufuta, na hata kumruhusu agawie wengine. Hiyo ni GRANT. Ngoma iko kwa REVOKE. Tuseme Achieng amempa Otis, Otis akampa Wanja. Achieng akimnyang'anya Otis, Wanja abaki? Walisema hapana, isipokuwa kuna mwingine aliyempa Wanja kwa haki yake mwenyewe. Na wajanja je? Wanja anaweza kumrudishia Otis ruhusa ileile, kisha kila mmoja adai amepewa na mwenzake. Ndio maana waliweka wakati wa kila ruhusa: ya Wanja kwa Otis ilikuja baada ya ile ya Achieng na inaitegemea, so zote zinaanguka. Mimi naona hapo walicheza kama wao.

PostgreSQL ya leo inakuuliza kwanza, yaani inakataa kumnyang'anya Otis kama kuna watu chini yake, hadi uandike CASCADE.

Kule ofisini hakukuwa na cha kunyang'anya, juu hakuna mtu alikuwa na chake. Jedwali lilirudishwa kutoka kwa bakapu ya wiki iliyopita, na aliyefuta hajulikani hadi leo. Niliomba akaunti yangu ya kusoma tu. Bosi akasema, "Tutaona." Nilishatoka huko kitambo. Ile paswadi bado naikumbuka, herufi kwa herufi.