Watoto Walipopelekwa Buhangija, Mama Zao Walibaki na Nini?

Kurasa nyingine zimeeleza habari za hisa na mikopo. Huu tumewawekea kina mama wanaolea watoto wenye ualbino, maana historia yao ni yetu pia.

Kuanzia mwaka 2007 hivi mauaji yalishika kasi Kanda ya Ziwa. Waganga matapeli waliwadanganya wachimbaji dhahabu na wavuvi kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri. Utajiri gani huo! Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa Shinyanga na tangu 2012 iko Mkoa wa Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini.

Watoto wakakusanywa Shule ya Msingi Buhangija, Shinyanga mjini, iliyokuwa tayari ikisomesha wasioona na viziwi. Kufikia 2015 wenye ualbino walikuwa zaidi ya 200, mabweni yamefurika. Waliokoka, hilo hatubishi. Ila mama je? Nauli ya kwenda kumwona mwanawe aitoe wapi, hasa yule aliyekimbiwa na mume kwa madai kwamba rangi hiyo haipo katika ukoo wao? Na kumbe kwa kawaida mtoto hurithi ualbino kwa wazazi wote wawili, baba akiwemo!

Mtoto akiwa nyumbani, adui wa kila siku ni jua, maana huleta saratani ya ngozi. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilianzisha utengenezaji wa mafuta maalumu ya kujikinga. Lakini mama aliye kwenye shamba la pamba humlaza mtoto chini ya mti, na kivuli huhama. Itabidi aache jembe mara ngapi?

Sheria ya 2018 iliagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Mama mlezi hukopa fungu la wanawake kama wengine, ingawa siku ya marejesho pengine yuko kliniki na mtoto. Ndiyo sababu kwetu nauli ya kliniki hutoka mfuko wa jamii, wala haiandikwi kuwa deni.