Hasara Isiyofungwa: Istilahi Inayomhusu Mwenye Hisa

Aliyenunua hisa kwa shilingi 100 akaziona zimeshuka hadi 60 huambiwa kwamba bado hajapata hasara, maadamu hajauza. Wahasibu huutenganisha upungufu wa namna hiyo na ule wa mtu aliyekwisha kuuza, na tofauti hiyo ni ya haki. Tatizo liko katika majina. Ukiuita "hasara ya karatasi", unadokeza kwamba ni maandishi matupu. Ukiuita "hasara isiyotambuliwa", unakosea zaidi, kwa kuwa anayethamini hisa zake kwa bei ya soko huitambua na kuiandika vitabuni. Napendekeza "hasara isiyofungwa", kwa maana ile ile ya kufunga hesabu. Hasara ipo leo. Kisichojulikana ni kiasi chake cha mwisho, ambacho kinaweza kupungua au kuzidi.

Mfugaji wa Turkana hahitaji kufundishwa jambo hili. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua ilikosekana kwa misimu mitano mfululizo, na katika maeneo kame ya Kenya mifugo zaidi ya milioni 2.4 ikafa. Kiangazi kikikaza, mbuzi aliyekonda hupelekwa sokoni Lodwar na kurudishwa nyumbani kwa sababu bei ni duni. Kumrudisha ni busara iwapo malisho na maji ya kumvusha yapo, kwani mvua ikinyesha atanenepa na bei itapanda. Yasipokuwapo, bei duni ya leo inashinda ngozi ya kesho. Kwa hiyo anayeamua hutazama uhai wa mnyama kabla ya kutazama bei aliyomnunulia.

Hisa za watengenezaji wa kompyuta hupimwa vivyo hivyo. Soko la teknolojia lilipoporomoka mwaka 2000, Apple ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa siku moja ya Septemba. Sun Microsystems, iliyouza kompyuta kubwa za mashirika, ilikuwa imepita dola 60 kwa hisa. Kufikia 2002 ilikuwa chini ya dola 5. Wenye hisa wa kampuni zote mbili walikuwa na hasara isiyofungwa. Apple ilikuwa na akiba ya fedha na ikapata bidhaa mpya zilizopendwa, ikapona. Wateja wa Sun walihamia mashine za bei nafuu, na mwaka 2010 kampuni ikamezwa na Oracle. Uvumilivu ulikuwa ule ule. Uhai wa kampuni ndio uliotofautiana.

Wapo watakaosema kwamba soko hurudi daima, na kwamba kuita upungufu huu hasara kutawatia watu hofu wauze ovyo. Ni kweli kwamba Safaricom, iliyouzwa kwa umma kwa shilingi 5 mwaka 2008, ilikaa chini ya bei hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya kupita shilingi 40 mwaka 2021. Lakini fahirisi ya Nasdaq ilichukua miaka 15 kukifikia tena kilele chake cha 2000, na kurudi kwa soko hakukuirudisha Sun. Tena si kila mtu anaweza kusubiri. Mwenye duka katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma anayekopesha unga wateja wanaotegemea mgao wa chakula anajua kwamba mgao ukikatwa, kama ulivyokatwa mwaka 2025, atahitaji fedha mkononi mara moja. Akiwa ameziweka kwenye hisa zilizoshuka, dhiki ndiyo itakayomfungia hasara, tena kwa bei mbaya.

Jina sahihi halimwamuru mtu auze. Humtaka ajiulize: kama leo ningekuwa na fedha taslimu badala ya hisa hizi, ningezinunua kwa bei hii? Anayejibu ndiyo, baada ya kukagua madeni, akiba na mauzo ya kampuni, na ambaye karo ya watoto wake haitegemei fedha hizo, ana sababu ya kuzishikilia. Anayezishikilia ili tu asikiri kwamba amepoteza, hana.