Kilichoko chini ya meli

Jamani, wiki hii nimezama kwenye historia ya mto Yangtze kule China. Watalii hupanda meli Chongqing, wakateremka na mto siku tatu nne hivi hadi Yichang, kiongozi akiwaonyesha kuta za Makorongo Matatu. Wote macho juu. Mimi nikataka kujua kilichoko chini ya meli.

Bwawa lilianza kujazwa 2003, na 2010 maji yakafika mita 175 juu ya usawa wa bahari. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa. Miji ilibomolewa kwanza, ndipo ikafunikwa.

Lakini kilichonikaa moyoni ni samaki wa Baiheliang, pale Fuling. Walichongwa kwenye mwamba katikati ya mto kama alama ya kina cha maji, na pembeni yao kuna maandishi ya zaidi ya miaka 1,000. Maji yakipungua hadi samaki waonekane, wenyeji walitegemea mavuno mazuri. Siku hizi hawaibuki tena. Tangu 2009 unashuka kwenye makumbusho chini ya maji, unawachungulia dirishani.

Sasa nyie wenzangu wa ualimu, hapo historia imeokolewa au imefungiwa? Mimi na mwenzangu wa chumbani tumebishana mpaka umeme ukakatika.