Kutoka Korona hadi UVIKO-19: Lugha na Janga Mkoani Mara



Mhadhara huu unahusu namna Tanzania ilivyokabiliana na janga la virusi vya korona, kwa jicho la mwanaisimu na kwa kuzingatia Musoma, Bunda na Butiama. Hoja yangu ni moja: lugha ya taifa iliyoenea hadi vijijini hufikisha maelekezo upesi, lakini hufikisha ukimya upesi vilevile.

Mkoa wa Mara unafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, una lugha nyingi katika eneo dogo. Kijita na Kikwaya husemwa Musoma na viunga vyake, Kiikizu na Kisizaki Bunda, na Kizanaki, lugha aliyoikulia Mwalimu Julius Nyerere, husemwa Butiama. Hata hivyo, zahanati, shule na redio ya taifa hutumia Kiswahili. Pili, barabara kuu itokayo Mwanza hupita Bunda hadi Sirari, mpakani mwa Kenya.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata shule zikaamriwa kufungwa. Katika majuma machache msamiati ulikwisha kujengeka. Barakoa, neno la kale la pwani lililotaja kifuniko cha uso cha wanawake, lilipata maana mpya na kuenea bara. Vitakasa mikono na karantini yakawa maneno ya kila siku. Umahiri huu haukuzuka ghafla. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kugunduliwa Kagera mwaka 1983, Kiswahili kilijifunza kuunda majina ya maradhi mapya kwa kuunganisha sehemu za maneno yake chenyewe: Upungufu wa Kinga Mwilini.

Kisha ukaja ukimya. Kufikia mapema mwezi Mei 2020 walikuwa wametangazwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo takwimu hazikutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi Mei mwaka huo Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, nayo iliendelea kutangaza idadi ya wagonjwa wake kila siku. Kwa hiyo, huko Sirari, jamii zilezile zenye lugha zilezile zilitenganishwa na aina mbili za habari.

Mwanzoni mwa mwaka 2021, vifo vilipozidi kusikika, jina korona lilikwepwa. Badala yake lilitumika fungu la maneno: changamoto ya upumuaji. Hii ni tafsida, na tafsida ina heshima yake katika Kiswahili. Humsitiri marehemu na kuwafariji wafiwa. Lakini maradhi ya kuambukiza yana sharti jingine. Neno korona lilimwambia muuguzaji ajikinge na waombolezaji wasisongamane. Changamoto ya upumuaji ilieleza dalili tu, bila kutaja chanzo wala hatari. Wazee waliotegemea kutafsiriwa habari na watoto wao hawakuweza kupata katika Kizanaki au Kijita kile ambacho Kiswahili chenyewe kilikwisha kukificha.

Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka mwezi Machi 2021, iliundwa kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai chanjo ikazinduliwa. Kifupisho UVIKO-19, yaani Ugonjwa wa Virusi vya Korona, kikaenea katika nyaraka za Serikali. Mwezi Oktoba ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na madarasa 15,000 yakajengwa nchini. Wananchi wakayaita madarasa ya UVIKO. Hivyo jina la maradhi likageuka kuwa jina la jengo, na huenda watoto wakalirithi bila kukumbuka waliofariki.

Wanafunzi wa isimu hawana budi kuifanya kazi hii mapema: kukusanya istilahi za maradhi katika lugha za Mara, kuzilinganisha na za Kiswahili, na kuziwasilisha kwa wahudumu wa afya kabla ya mlipuko mwingine. Kazi ya pili ni ya watawala nayo ni nyepesi zaidi: kuliita gonjwa kwa jina lake tangu siku ya kwanza. Kiswahili kinalo neno. Kinachohitajika ni ridhaa ya kulitamka.