Volti na prizi: kutoka Kilwa ya Kongo mpaka Nchelenge

Bandugu, mtu akivuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa ya Kongo mpaka huku Nchelenge, chaja yake haiingii kwenye ukuta. Ya kule ina pini mbili za duara, prizi za huku zina mashimo matatu ya pembe nne. Basi wengi wanasema umeme wa Zambia utaunguza kompyuta. Hapana. Kule ni volti 220, huku 230. Kompyuta haisikii tofauti hiyo.

Tofauti ya prizi ni ya wakoloni. Tarehe 12 Mei 1894, Waingereza na Mfalme Leopold walikubaliana mpaka upite ndani ya ziwa, wakaukunja ili kisiwa cha Kilwa kibaki kwa Waingereza. Ndiyo maana tuko na Kilwa mbili, mji Kongo na kisiwa Zambia. Kila mkoloni akaleta prizi za kwao. Ile ya pini tatu bapa Waingereza waliipitisha mwaka 1947. Adapta ndogo inamaliza shida hiyo.

Shida yenyewe inatoka mbali zaidi. Mwaka 1882 Edison alianza kuuza umeme New York kwa volti kama 110, na Marekani haikusogea mbali: leo ni 120. Berlin, mwaka 1899, waliamua kwenda 220. Ukizidisha volti mara mbili, kwa kazi ileile mkondo unapungua nusu, na waya inaweza kuwa nyembamba. Walikuwa wanabana shaba, yaani. (Sisi wa Katanga tunajua shaba ni nini!) Ulaya ikafuata, na makoloni nyuma yake.

Sasa ninyi mnaopewa kompyuta za msaada, na ninyi mnaongojea safari ya Marekani, someni maandishi madogo kwenye chaja. Ikiandikwa 100–240V, chomeka popote, haina neno. Ya kuogopa ni kompyuta ya mezani ya zamani. Nyuma, karibu na waya wa umeme, nyingi zina swichi ndogo nyekundu: 115 ao 230. Ikitoka Marekani kawaida iko kwenye 115. Ichomeke huku hivyo, utasikia paa! na moshi. Chomoa kwanza, sogeza swichi kwa bisibisi, ndiyo uwashe. Kinyume chake, 230 kule Marekani, haiungui, inakataa kuwaka tu.

Printa iliyoandikwa 120V peke yake inataka transfoma. Adapta inabadilisha miguu tu, volti zinapita zilevile. Ninyi wa mashirika, muulize hilo kabla kontena haijafungwa.