Kuuzwa Mto Uendako

Kiongozi wa wafanyakazi akipatana kisirisiri na mwajiri, Wamarekani husema amewauza wenzake mto uendako. Siku hizi ni lawama ya kawaida, hata mashabiki wa mpira huwatupia viongozi wa klabu. Lakini mto huo upo, ni Mississippi, na watu waliuzwa kwelikweli, kwa bei na kwa hati.

Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake, na mashamba ya pamba yakatapakaa kusini. Mwaka 1808 Marekani ikapiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo. Pamba ilidai watu, na watu wakatafutwa Virginia, Maryland na Kentucky. Kufikia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861, takriban milioni moja walikuwa wamehamishwa kwa nguvu, wengi wakitembea na minyororo. Wa Kentucky na Missouri walipakiwa kwenye meli za mvuke hadi Natchez na New Orleans.

William Wells Brown, aliyekodishwa kwa mchuuzi wa watumwa huko St. Louis, alieleza katika kitabu chake cha 1847 kazi aliyopewa: kuwanyoa wazee ndevu na kuwang'oa mvi, na mvi zikizidi, kuzipaka rangi nyeusi. Mzee alifika mbele ya wanunuzi akionekana kupungua miaka 10 au 15.

Mabwana wa Kentucky walijigamba kwamba utumwa wao ulikuwa wa upole. Mimi naona upole huo ulitegemea mto. Kiboko cha nini, ikiwa kutaja New Orleans tu kunatosha kumnyamazisha mama mwenye watoto? Josiah Henson, mtumwa wa Kentucky, alikubaliana na bwana wake kununua uhuru wake kwa dola 450, akalipa 350 taslimu. Aliporudi Kentucky akaambiwa hati inasema 1,000. Baadaye akasafirishwa hadi New Orleans ili auzwe, akaponea kwa sababu mtoto wa bwana aliyeongozana naye aliugua vibaya, akahitaji wa kumuuguza hadi nyumbani. Henson hakungoja safari ya pili. Mwaka 1830 alitoroka na mkewe na watoto wanne hadi Kanada.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini familia hazikujua pa kutafutana. Kuanzia 1877 gazeti moja la Kimethodisti la New Orleans lilichapa matangazo ya waliopotezana, kwa senti 50, na wachungaji wakaombwa kuyasoma kanisani. Tangazo lilimtaja mama, ndugu, bwana wa zamani na jina la mchuuzi.

Kufikia miaka ya 1920 waandishi wa vichekesho walikuwa wakiutumia msemo huo kwa mzaha. Waliouzwa wakiwa watoto hawakuwa wamekwisha: kati ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani ilituma watu kuwahoji waliowahi kuwa watumwa, na zaidi ya 2,000 wakasimulia.