Oldonyo Sambu ipi?

Anayetoka Arusha mjini kwenda Namanga hupita Oldonyo Sambu, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mkoa huohuo wa Arusha una kata nyingine yenye jina hilohilo, mbali kule Ngorongoro, katika eneo la Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo. Mtu akiandikishwa kuwa mkazi wa "Oldonyo Sambu, Arusha", karani hana budi kuuliza: ipi?

Swali hilo waandishi wa programu hukutana nalo kila siku. Katika lugha ya Python, taarifa za aina hii huwekwa ndani ya kamusi: kila ufunguo una thamani yake, na thamani yenyewe inaweza kuwa kamusi nyingine. Ndani ya Tanzania mna mikoa, ndani ya mkoa mna wilaya, na kuendelea hadi chini. Ila matawi hayana kina sawa. Katika Jiji la Arusha kata hugawanyika kuwa mitaa. Vijijini hugawanyika kuwa vijiji, na vijiji kuwa vitongoji. Wilaya ya Arumeru nayo ina halmashauri mbili, ya Arusha na ya Meru.

Tofauti hizo zimetokana na historia. Chini ya Waingereza, Arusha ilikuwa makao ya Jimbo la Kaskazini, na sheria ya mwaka 1926 iliwapa watawala wa jadi mamlaka yaliyotambuliwa na serikali. Baada ya uhuru majimbo yakavunjwa kuwa mikoa, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa. Chama cha TANU kikaanzisha nyumba kumi kumi, kila kundi na mjumbe wake, ambaye watu walimwita balozi. Sheria ya mwaka 1975 ikavipa vijiji hadhi ya kisheria. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa kiongozi wa chama, na kitongoji kikawa ngazi ya chini ya serikali vijijini. Mwaka 2002 sehemu ya Mkoa wa Arusha ilimegwa ikawa Manyara.

Programu iliyoandikwa kwa kudhani kwamba ngazi ni nne tu ingekwama palepale ngazi ya tano inapotokea. Ndiyo maana wataalamu hutumia funksheni inayojiita yenyewe, mbinu ambayo John McCarthy aliifanya msingi wa lugha ya Lisp, aliyoieleza katika makala yake ya mwaka 1960. Funksheni hufungua kamusi na kuuliza kama ufunguo unaotafutwa umo. Ikikuta thamani ambayo nayo ni kamusi, huingia ndani na kuuliza swali lilelile. Ikifika mahali pasipo na kamusi nyingine, hurudi ngazi ya juu na kujaribu tawi linalofuata.

Hapo ndipo uzembe mdogo huleta madhara. Funksheni inayosimama kwenye jibu la kwanza itarudisha Oldonyo Sambu moja na kuiacha ya pili, bila mtumiaji kujua. Iliyo sahihi hukusanya majibu yote, na kila jibu huja na njia yake: Arusha, Arumeru, Oldonyo Sambu; kisha Arusha, Ngorongoro, Oldonyo Sambu.

Msimbo wa posta wa tarakimu tano unafuata mantiki hiyohiyo ya ngazi ndani ya ngazi. Tarakimu ya kwanza ni kanda, mbili za kwanza kwa pamoja ni mkoa, ya tatu ni wilaya, na mbili za mwisho ni kata. Misimbo ya Arusha huanza na 23. Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, barabara zikapewa majina na nyumba namba, kisha Agosti ikafuata Sensa ya Watu na Makazi. Makarani walibeba vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Huko vijijini, wenyeviti wa vitongoji ndio waliowaonyesha kaya ilipo na mipaka ya eneo inapoishia.